Mrithi wa Pipa

Lilikuja Jumamosi juu ya trela, limefungwa minyororo
kama fahali anayepelekwa mnadani.
Marisol, aliyelichomelea kwa mikono yake,
akalisukuma na wanaume wanne hadi nyuma ya nyumba;
magurudumu yakachimba mifereji miwili katika nyasi zangu.
Sikusema neno. Nilihesabu tu:
miezi kumi na minne ya zamu za usiku kiwandani,
matairi ambayo hatukubadilisha,
na safari ya Galveston, iliyoahirishwa hata ikatusahau.

Clovis alilizunguka mara tatu. Akaligonga kwa kidole.
"Sikia, Earline. Chuma cha robo inchi."
Likalia kama kengele ya kanisa ndani ya blanketi.

La zamani lilikuwa pipa la mafuta
alilolipasua baba yake mwaka wa kimbunga,
akalitia bawaba za banda la kuku.
Kutu imelila tumbo. Mlango tuliufunga kwa waya,
pengo la kushoto foili, la kulia taulo mbichi,
na juu yake tofali,
tofali lile lile, miaka ishirini na mitatu.
Moshi ulitokea popote ulipopenda.
Kulipikia kulikuwa kumuuguza mgonjwa mkaidi:
kila nusu saa kuamka, kila nusu saa kigogo,
upepo ukigeuka, nawe ugeuze kiti.

Usiku wa kwanza alililisha jipya kama alivyolilisha pipa.
Mwaloni, mwaloni, na mwaloni tena.
Nilimwona dirishani saa nane
akimshindilia chakula mgeni aliyeshiba tangu jioni.
Hili halivuji.
Hili hushika joto kama mkopeshaji ashikavyo deni.
Mshale ukapita mia tatu, ukapita mia tatu na hamsini,
wala hakuutazama. Lini alikuwa na mshale?
Joto alilipima kwa kiganja, akihesabu hadi saba.
Kulipokucha, kidari cha dola tisini kilikuwa kiatu.

Watu wa kanisani walikuja, wakakitafuna.
Mzee Thibodeaux alisema kina msimamo, akaomba maji.
Kipya kinyemi ingawa kidonda,
na kidonda chenyewe kilibaki kwenye sinia,
kimekatwa vipande vyembamba, hakuna aliyerudia.

Alhamisi Marisol alipita kuchukua minyororo.
Akafungua mlango, akanusa majivu, akacheka bila ubaya.
"Umelipikia kwa njaa ya lile jingine," akasema.
"Weka vigogo viwili. Kisha kalale."

Kalale! Hapo ndipo aliposhindwa.
Aliweka viwili, akafunga, akaingia ndani, akavua viatu.
Saa tisa nikapapasa: upande wake baridi.
Nikatoka na koti juu ya gauni la kulalia.
Yuko kwenye kiti chake, katikati ya majiko mawili,
na moshi wa buluu, mwembamba,
unatoka bombani, mahali pamoja tu,
kama mtoto aliyeonywa kabla ya wageni.

"Kuna nini?"
"Hakuna kitu. Ndiyo taabu yenyewe.
Hakuna kitu cha kufanya."

Kila alichofundishwa na baba yake
alifundishwa kati ya kigogo na kigogo:
namna ya kunoa kisu, namna ya kuomba radhi,
nani wa kutomwamini benki.
Sikujua yale matundu yalikuwa na kazi.

Nikapindua ndoo, nikaketi.
Tukazungumza habari za matairi. Tukazungumza habari za Galveston,
tukagombana kidogo kuhusu nyasi.
Kulipopambazuka kisu kilizama kwa uzito wake chenyewe,
mafuta yakamtiririka hadi kwenye kifundo cha mkono.
Akanitazama nikitafuna.
Nikasema, "Chumvi imepungua."
Haikupungua. Naye alijua.

Tofali amelihamisha. Lipo juu ya jiko jipya,
halizibi kitu, halizuii mlango wowote.
Leo nililigusa nikipita na nguo za kuanika:
lina joto.